Farasi Hajanywa

Mpwa wangu Kibiwott, anayesomea filamu,
alileta kanda ile nyumbani, Kiamunyi.
"Mjomba, hii ndiyo mama ya zote.
Miaka sitini sasa, wajuzi wanaivulia kofia."

Nikakaa. Mimi si mjuzi.
Nilichunga ng'ombe wa mzungu kule Solai
miaka kumi na tisa; mgongo haujasahau.

Basi nikahesabu.
Siku tatu jangwani, farasi hajanywa tone.
Ng'ombe mia nne, na hakuna kupe,
hakuna anayeamka usiku wa manane
kumzalisha mtamba aliyekwama.
Bastola ya risasi sita ikatema kumi na moja,
na wenye nchi wakaanguka kama mabua,
bila jina, bila wa kuwalilia.

"Kwa hiyo ni mbovu?"

Ulimi ulikuwa tayari kusema ndiyo.
Lakini kuna pale, vumbi likishatulia,
mama mwenye nyumba anaosha sahani
ya mtu ambaye hatarudi kula.
Anaiosha. Anaifuta.
Anaiosha tena.
Hakuna muziki, hakuna asemaye neno.

Mama yangu aliosha hivyo
mwaka ule kaka alipokwenda Olenguruone
na wali wake ukalala chini ya kawa
hadi asubuhi, hadi kesho yake.

"Irudishe nyuma kidogo," nikamwambia kijana,
"pale kwenye sahani.
Hayo mengine wape wajuzi wako.
Na mtu amnyweshe yule farasi."