Nyuzi Nne Kusini

Mwalimu Ntahondi kaniazima ramani kwa siku tatu,
karatasi moja ya Kigoma, kona imeliwa na mchwa,
pamoja na swali lililoniangusha mwaka juzi:
*Kwa ushahidi kutoka kwenye ramani, eleza
mahali, sura ya nchi na hali ya hewa.*

Nimeitandaza juu ya meza ya cherehani.
Umeme umekatika. Mwanga haina mwanga,
utani wa mtaa wetu, umechakaa kuliko sisi.
Nang'ata simu kwa meno, tochi inaangaza chini.

Mahali kwanza. Pembeni pameandikwa kwa tarakimu ndogo:
nyuzi nne, dakika hamsini na mbili, kusini mwa Ikweta.
Nyuzi!
Nikacheka peke yangu hadi simu ikanidondoka.
Miaka kumi na moja natia uzi kwenye tundu la sindano
na hakuna aliyeniambia kuwa dunia nayo imeshonwa.

Basi nikakata uzi mweusi, nikaulaza juu ya reli,
ukapinda inapopinda, ukanyooka inaponyooka,
kutoka stesheni hadi ukingo wa karatasi.
Nikaupima kwenye skeli: kilomita kumi na tisa.
Reli haikomi hapo. Inatoka nje ya ramani
kama walivyotoka kaka zangu wawili,
mmoja kwa treni ya Jumanne,
mwingine hata siku hakusema.

Sura ya nchi: hii naijua kwa mkono.
Kontua zimebanana nyuma ya mji
kama marinda ya sketi ya shule;
kuelekea Luiche zinaachana, zinalegea,
kitenge kilichofuliwa mara mia.
Ziwa, mita mia saba sabini na tatu.
Kilima, mia tisa na kitu.
Magoti yangu yalikuwa na jibu hili tangu zamani,
kila nilipopanda na robota la vitambaa kichwani.

Lakini hali ya hewa?
Ramani haina mvua. Nimeigeuza, hata nyuma hakuna.
Ufunguo upo chini kushoto: kinamasi, michikichi,
na mto wa msimu, umechorwa kwa kukatakata,
mstari, pengo, mstari, pengo,
ah, bandi hiyo! Mshono wa kushikiza tu,
masika unashika, kiangazi unafumuliwa.
Hapo nikaandika sentensi yangu ya kwanza.

Nilitaka kuongeza kwamba Julai
vumbi jekundu linaingia hadi kwenye bobini,
kwamba Oktoba tone la kwanza likigonga bati
wateja wote hukumbuka sare kwa pamoja,
kwamba mwezi wa pili nguo hazikauki
nami nazikausha kwa pasi ya mkaa.
Mwalimu alishanionya: msahihishaji hataki unachokijua,
anataka ulichokiona kwenye karatasi.

Nikatazama Kibirizi.
Kila nyumba ni kidoto cheusi. Nikahesabu kutoka njia panda:
cha tano ni kwa shangazi Nyabhenda.
Ramani ilipigwa chapa kabla sijazaliwa,
kwa hiyo kidoto ni kikavu, kimetulia,
hakijui kwamba ziwa lilipanda usiku usiku,
likapita jikoni bila hodi, likafika dirishani,
na shangazi akahamia Gungu
na mlango wake wa mninga kichwani.
"Nyumba wamechukua," alisema, "mlango nimenunua mwenyewe."

Nikachukua uzi wa buluu.
Sindano sikuthubutu, mali ya watu.
Nikaulaza tu pale maji yalipoishia,
ndani zaidi ya mwambao uliochorwa, nyuma ya kidoto.
Nikapumua. Uzi ukasogea.
Nikaurudisha. Nikapumua tena.

Kesho kutwa naipeleka.
Mwalimu akiikunjua atakuta buluu
imenasa kwenye mkunjo, hapo hapo Kibirizi.
Akiuliza, nitasema nimeusahau.