Twiga wa Kopo

Chini ya kwato kulikuwa na herufi tatu;
mbili nilizitafuna mwenyewe, nikiota meno, Tukuyu.

Anyosisye anashikilia: alitoka kwenye sabuni.
Sekela: we, sabuni gani! Kopo la shayiri,
lile alilorudi nalo mjomba Ambakisye kutoka Wenela,
pamoja na blanketi na kikohozi.

Fundi redio wa Mwanjelwa alimweka chini ya lenzi,
akamnusa, akanionyesha mshono
toka paji la uso hadi mkia tuliouvunja.
Kiwanda? Akacheka.

Kopo lipo. Mama hutilia chumvi.
Leo nimelisugua kwa majivu, kutu ikaachia,
wakajitokeza kwa foleni: nyani, kifaru, punda milia…
Sita.

Na sisi tuligombea mmoja
hadi tukamzika migombani,
usiku tukamfukua, mvua ikinyesha.