Matuta Matatu

Jana jioni Enelika Luvanda
alisimama nje ya uzio wa kituo, hakuingia,
shali imempanda hadi puani.
Bwana Mvua, akauliza, leo sakitu itapiga?

Nikafungua daftari.
Usiku wa Juni kama huu, upepo umelala,
anga tupu kama sahani iliyooshwa:
katika kila kumi, mara tatu
bonde la Matamba limeamka jeupe.
Thelathini kwa mia, nikasema.

Mia zipi? Mimi nina kinyungu kimoja.
Kesho yangu ni moja.
Sakitu haipigi thelathini, Bwana Mvua.
Hupiga, au haipigi.

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na daftari.

Miaka ishirini na miwili nasoma kipimamvua,
saa tatu kamili, jicho usawa wa maji,
na bado sijui nijuacho ni kipi.
Machi ile, kwa mfano, niliandika milimita kumi na mbili,
na kweli zilinyesha kumi na mbili;
kule misheni nao walipata hizo hizo.
Wiki ikapita, mwanangu Yusto akakiri:
alfajiri ile mpira wake uliangusha chupa,
akaogopa, akaijaza kwa maji ya ndoo,
akakisia tu.
Kweli ilikuwamo daftarini.
Niliiamini, tena kwa sababu: nilipima, sikuota.
Je, nilijua?
Au elimu yangu yote asubuhi ile
ilikuwa mkono wa mtoto mwenye hofu
uliotetemeka ukasimama pazuri?

Tangu hapo, kwenye safu ya Maoni,
iliyokuwa wazi tangu niajiriwe,
nikaanza kuandika: labda.
Daftari likarudi toka wilayani na wino mwekundu,
TAKWIMU HAZINA LABDA.
Nikajiuliza zina nini kingine.

Bwana shamba Chaula yeye hasumbuki.
Sakitu ikipiga, majani huungua.
Mwaka juzi majani ya Enelika yaliungua.
Basi, akasema akifunika kalamu, ni sakitu.
Nikaligeuza jani: chini yake utando mweupe,
laini, kama vumbi la unga kwenye kinu.
Ule ulikuwa ukungu.
Kila mbwa ana miguu minne, nikamwambia,
lakini meza yako hiyo haibweki.
Hakunisemesha hadi mavuno.

Nami nisijisifu, mtego wangu ninao.
Ikipiga, nitasema: si nilitaja thelathini?
Isipopiga, nitasema: si nilitaja thelathini?
Ni neno gani hili lisilokosea,
na kama halikosei, limesema nini?
Labda kesi yake haihukumiwi kesho,
inangoja kesho nyingi zikusanyike mahali pamoja,
zihesabiwe kama debe za viazi.
Lakini nani ataishi kesho nyingi
katika usiku mmoja?
Na viazi, nijuavyo mimi, havili wastani.

Usingizi ukanikataa. Nikashuka bondeni na kurunzi.
Kinyungu cha Enelika kina matuta kumi.
Matatu yamelala chini ya mabua ya ngano,
yamefunikwa vizuri, kama watoto.
Saba yako wazi, yanatazamana na nyota.

Sasa hii ni nini? nikauliza.
Akajibu toka gizani, ameketi juu ya kiroba:
Nimefunika kadiri nilivyokuamini.
Mabua nimenunua.

Nilitaka kumweleza kwamba thelathini haigawanyiki hivyo,
kwamba ni ama lote ama hakuna,
ukipima bei ya mabua na bei ya hasara.
Nikafungua mdomo, nikaufunga.
Hadi sasa sijui kama alikosea hesabu
au ndiye aliyeimaliza.

Tukakaa. Mbwa wa mbali alinyamaza.
Baridi ikaanza kunuka kama chuma.

Na sasa, akauliza, sasa ni ngapi?

Nikalamba kidole, nikakiinua juu.
Arobaini, nikasema.

Akajikung'uta magoti,
akaenda kulitafuta tuta la nne.