Sare

Dirishani kwangu Pasua pana nondo sita
na tundu la kupitisha mkono hadi kifundo.
Mshahara wangu haubadiliki, ale nani, aliwe nani.

Jumamosi aliingia Anaeli, fundi terazo,
saruji bado imemganda kwenye kucha,
na noti mbili za elfu kumi ndani ya karatasi ya daftari.
Mwandiko wa mkewe niliusoma kinyumenyume:
sketi ya buluu, shati, sweta, namba ishirini na sita.
Sare ya Aikande. Shule inafunguliwa Jumatatu.

"Hii timu kubwa," akasema (jina lake lilimshinda kutamka),
"ikishinda, mnanipa nini?"
Odi moja nukta moja tano.
Dau la elfu ishirini lizae elfu tatu.
Akacheka. "Hiyo ni sukari, dada. Mimi nina familia."

Nikamwonyesha handikapu, kutoa moja,
odi moja nukta tisa.
Ni hivi, nikamwambia:
timu yako inaingia uwanjani na deni la goli.
Ikishinda mbili kwa bila, umekula.
Ikitoka suluhu au ikifungwa, mkeka umechanika.
Ikishinda kwa goli moja tu...

Sentensi ile ilibaki mdomoni.
Alishavuta risiti, alishavuka mtaro,
alishaketi mbele ya televisheni ya kinyozi.

Mbili kwa moja. Dakika ya tisini na moja.
Nilimsikia kabla sijamwona.
Alikuja mikono juu, kandambili moja ameiacha njiani,
mvua ya Kibo ikimfuata mgongoni.

Mashine ikasoma risiti. Elfu ishirini.

"Timu imeshinda!"
Imeshinda uwanjani. Kwenye mkeka wako imetoka sare.
Mbili toa moja ni moja. Moja kwa moja.
Dau linarudi kama lilivyokuja.
"Kwa hiyo nimeliwa?"
Hujaliwa.
"Basi nimekula."
Hujala.
Umeketi mezani, ukainuka
na njaa ileile uliyokuja nayo.

Vijana nyuma yake wakadakia, kila mmoja mwalimu:
kwamba kwenye mkeka wa timu nyingi
mechi ya namna hiyo huhesabiwa odi moja,
na moja ukiizidisha na chochote
haiongezi wala haipunguzi,
mkeka unaendelea bila yake.

Nikamkumbuka bibi yangu kule Usangi.
Yeye ukili ukikatika alifumua, akaunga, akasuka tena.
Nilipompa habari ya kazi hii aliuliza jambo moja:
mkeka gani huo, mjukuu wangu, usiolaliwa?

Anaeli hakuwasikiliza.
Alishika nondo kwa mikono miwili.
"Pesa nimeielewa," akasema polepole.
"Sasa zile dakika tisini za moyo wangu
zinarudishwa dirisha lipi?"

Nina maneno mengi kwenye kabrasha langu.
Dau, odi, ova, nafasi mbili, sare bila dau.
Hilo sikulikuta.

Nikampa noti zake. Hazikuwa zilezile.
Zake ziliingia zina vumbi la saruji,
hizi zilitoka ngumu, hazijakunjwa na mtu.
Ng'ambo ya barabara Mama Ndekusara
alikuwa anaingiza ndani masweta, moja moja, kwa sababu ya mvua.

Anaeli akatazama masweta.
Akatazama ubao wangu.
"Na ile mechi ya saa nne usiku?"

Mtandao umekata, nikasema.
Mtandao haukuwa umekata.
Nikashusha dirisha dakika kumi kabla ya muda,
kosa ambalo hukatwa kwenye mshahara.

Nilipofagia niliikuta karatasi yake chini ya kaunta,
imelowa, wino wa neno sketi umetawanyika.
Namba ishirini na sita.
Labda aliikariri.