Bilauri ya Anzori

Simu zimenichukulia vicheko vyote:
harusi, ubatizo, mtoto na jino lake la kwanza.
Hapa Kutaisi nimeachiwa nyuso za pasipoti
(funga mdomo, usicheke, masikio yaonekane)
na marehemu.

Maana fundi wa mawe ya kaburi hataki picha ya ukungu.
Jana alikuja Tsiala, kioo cha simu kimepasuka,
mumewe humo ndani, mdogo kama punje ya mahindi,
amebanwa na mabega ya watu, mkono juu, bilauri ya divai.
"Aliyepiga ni nani?"
"Mjukuu. Miaka sita."

Nikakesha nayo.
Nikaondoa bega la shemeji, sahani ya jibini, bilauri,
nikamvalisha tai niliyoiazima kwa marehemu mwingine.
Akatulia, wima, kama anayesubiri viza.

Tsiala akamtazama kitambo.
"Huyu simjui. Mrudishie divai yake."

Miaka arobaini nawaambia watu wasitikisike.
Yule mtoto hakumwambia babu yake neno.

Nimemrudishia.
Hata kidole kilichoziba pembe ya picha
sikukifuta.
Bei, lakini, ni ileile.