Ufunguo wa Kati

Karani wa dirishani alinipangusa kidole
mara tatu kwa kitambaa, akakibandika tena kiooni.
"Mama, mashine haikuoni," akasema.
"Huna alama."

Nikalitazama dole gumba langu.
Miaka kumi na mmoja kiwanda cha kamba,
mkonge ukipita hapa, baina ya gumba na shahada,
ukaenda kufunga mizigo ya watu nisiowajua,
kila futi ikiondoka na mstari wa ngozi.
Alama ninayo, mwanangu. Imetangulia kusafiri.

Basi nikarudi Makorora, kitambulisho mkobani,
nikapita kwa yule kijana wa kausha damu.
Yeye haulizi kidole.
Anauliza kitanda futi ngapi,
una redio, una godoro,
anaandika vyote kwa mwandiko mzuri kama wa mwalimu.
Laki moja leo, laki na arobaini Jumatatu ya nne,
na Jumatatu ya tano akaja na mkokoteni.
Majirani wakachungulia. Godoro langu
likatoka mlangoni limekunjwa,
kama mgonjwa wa kupelekwa Bombo.

Usiku ule akaja Mwantumu, muuza mabumunda,
na mkeka kwapani.
Hakusema pole. Alisema:
"Jumamosi, saa kumi, uani kwa Bi Sikudhani.
Njoo na elfu mbili. Usichelewe, kuna faini."

Sanduku lenyewe la bati, la kijani,
kazi ya fundi wa Barabara ya Kumi na Mbili
anayewatengenezea wanafunzi wa bweni;
ndani ya kifuniko bado pameandikwa Kidato cha Kwanza.
Kufuli tatu. Wanawake ishirini na wawili.
Ufunguo wa kwanza anao Sikudhani,
wa tatu uko kwa Mama Shekalaghe, kule Magaoni,
wa kati wakanipa mimi,
niliyedaiwa mpaka godoro.
"Mmeniamini kwa lipi?" nikauliza.
Mwantumu akacheka hadi akakaa chini.
"Hatukuamini. Ndiyo maana ziko tatu."

Nikaufunga kwenye pindo la kanga,
palepale nilipozoea kufunga sarafu.

Kaka yangu akaja na baiskeli kutoka Pongwe,
akala, akanawa, akasema yale ya siku zote:
"Dada, nishike mkono, elfu thelathini tu,
mwisho wa mwezi..."
Mwezi wake naujua, haujawahi kuandama.
Nikafungua pindo, nikamwonyesha.
"Hela ninazo, kaka. Ziko ndani.
Mimi ni theluthi ya mlango."
Akautazama ule ufunguo mdogo, umeanza kutu,
kama anayetazama mtu mzima kaingia chumbani.
Nami, kwa umri wa miaka arobaini na sita,
ndiyo mara ya kwanza nimesema siwezi
pasipo kuomba radhi.

Si kwamba mambo yamenyooka.
Mwanjaa alikopa laki tatu, akavuka mpaka wa Horohoro,
simu yake haipatikani hadi leo.
Tukamlipia, tukigawana mpaka mia mia.
Wiki mbili hatukusalimiana, tulihesabu tu.
Na mimi mkopo wangu wa kwanza sikununua cherehani
kama walivyonishauri watu wa semina.
Nilinunua godoro. Inchi sita, la maua.
Nikalala.
Nilipoamka nikawa na akili,
nikaanza viazi karai.

Mwaka huu sanduku limeelemewa,
tukaenda benki watatu, kila mtu na ufunguo wake.
Karani yuleyule, kidole kilekile, kitambaa kilekile.
Kikakataa. Akajaribu cha shahada, kikakataa.
"Hebu hiki," akasema,
akakishika kile cha mwisho, kidogo,
ambacho kamba haikupata kukigusa.
Mashine ikalia ti.

Akasoma kwa sauti: Mwajabu Mbaruku Singano.
Sokoni Mgandini wananiita Mama Viazi.
Akalisoma tena, ahakikishe,
na foleni yote nyuma yangu ikasikia.
Sikumharakisha.