Uzi wa Popo

Kibanda cha Mlekwa, Isevya, nyuma ya mashine ya kukoboa:
mabati, mabenchi sita, gunia mlangoni badala ya pazia.
Kiingilio shilingi ishirini, au yai moja.
Mimi nilikuwa wa yai.

Alikuwa na kanda tatu tu. Mbili za ngumi.
Ya tatu ilikuwa ya nyumba,
jumba kubwa kilimani, na radi isiyoleta mvua,
na mlango unaolia kama bata aliyekanyagwa.
Tuliiona kila Alhamisi. Tukaogopa kila Alhamisi,
kwa adabu, palepale tulipoogopa wiki iliyopita.

Popo alining'inia kwenye uzi.
Uzi tuliuona wote, mweupe, mnene,
uzi wa kushonea magunia.
Mifupa ilitoka kabatini ikiyumba,
goti limekazwa kwa waya kama kiti cha baiskeli ya mjomba.
Mzuka wenyewe alijitanda shuka, na chini ya shuka
viatu vyake vya kamba, vimepigwa rangi vinang'aa.
Tukapiga mayowe hadi wapita njia wakafunua gunia.

Lugha yao hatukuijua. Mlekwa alitafsiri,
fimbo mkononi, kikohozi cha tumbaku kifuani,
naye hakuijua vilevile.
Kwa hiyo mzuka wa ng'ambo alidai deni la asali,
madebe mawili, tangu msimu wa juzi,
na yule bibi wa gauni refu akamjibu kwa Kinyamwezi
kwamba mume wake yuko Urambo, atarudi mwezi ukiandama.

"Usishuke huko chini!" tulimsihi.
Akashuka. Kila Alhamisi akashuka,
na mshumaa wake, kana kwamba hatukumwambia.

Nyamizi ndiye aliyeniharibia hofu.
Kwao walilala tisa, chumba kimoja na ukumbi wenye mbuzi.
Akahesabu madirisha kwa kidole, akaguna:
"Vyumba kumi na vinne, watu wawili.
Hata mimi ningekuwa mzuka ningehamia."

Kuna siku jenereta ilikata
mzuka akiwa ameinua mikono.
Mlekwa akatoka kutafuta petroli kwa jirani.
Giza likawa letu sasa, si la kukodi.
Hakuna aliyecheka. Mkono fulani ukashika wangu,
nami sikuuliza ni wa nani.
Mpaka leo sijauliza.

Siku hizi mwanangu hunionyesha mizuka kwenye simu.
Hawana uzi. Ngozi inachunika vizuri,
damu inajua pa kupita. Usingizi sipati, kweli,
lakini hakuna hata mmoja niliyempenda.

Namkumbuka popo.
Juu kidogo ya kioo, pale macho yetu yalipokomea,
lazima alikuwapo mtu, amepanda ngazi,
bega limekufa ganzi, chakula chake cha mchana kinapoa,
akitikisa uzi, akitikisa,
ili mtoto wa yai, Tabora,
aruke kwenye benchi.

Niliruka, bwana. Niliruka kila mara.